Jicho Refu na Ungo Mweupe

Mke wangu, Mama Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Nasikia jibu lako kama ulivyokuwa ukilitoa kila asubuhi, mgongo umenielekea, mguu tayari uko kwenye cherehani: "Milele amina, chai ipo mezani." Sasa chai naipika mwenyewe. Majani nayazidisha, na hakuna wa kuniambia.

Barua hii naiacha wazi, isomwe na yeyote atakaye, maana halimo neno la siri. Binti yetu Skola amekuja kutoka Mbeya na kamera mpya ya kubonyeza tu, nyepesi kama kipande cha sabuni. Ameniambia niuze kamera yetu, pamoja na jicho refu na taa yake. "Baba, siku hizi mambo ni rahisi," alisema. Nimekataa. Nimemwambia kwamba kiangazi hiki, mahindi yakishavunwa, ukoo wote utakutana kijijini kwenu Mwazye, na kila uso utapigwa picha kwa vifaa vilevile ulivyovichagua wewe na mimi. Mwishowe akaniuliza swali ambalo zamani lilikuwa lako. Nitalifikia.

Unakumbuka tulivyoanza. Baba yako alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja. Matanga yalipokwisha, wajukuu walikaa mkekani wakabishana. Mmoja alisema babu alikuwa na ndevu. Mwingine alisema hakuwa nazo, zile zilikuwa za padri. Kaka yako Kletus, mtu mzima mwenye watoto, alipoulizwa pengo la baba yenu lilikuwa upande gani, alisema kulia, kisha akasema kushoto. Wewe ulikuwa unakoroga uji wa ulezi. Uliweka mwiko chini.

"Mama hataondoka hivi," ulisema.

Hukulia. Ulisema kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga, yaliyozoea kukaa na chumvi na viberiti, yalianza kujaa redio, saa za mkononi na vitenge kutoka Zambia. Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vyake uani. Watu waligombea vitanda na majiko. Sisi tulinunua kamera iliyotumika, ikiwa na jicho lake la kawaida na kitabu cha maelezo.

Nasema jicho. Vijana husema lenzi, na sina ugomvi nao, lakini nyumbani kwetu tulisema jicho, nawe hukuniacha nilitumie neno hilo bila kulipia. "Mwalimu," uliniuliza, "kama ni jicho, kope zake ziko wapi?" Nikakuonyesha kifuniko chake, nikakifunga na kukifungua. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Tulikwenda Mwazye tukiwa na furaha ya watu wasiojua linalowangoja. Mama yako alikuwa ndani, karibu na mafiga. Mimi nilisimama nje ya kizingiti, kama heshima ya nyumba yenu ilivyotaka: mkwe mwanamume hamkaribii mama mkwe, hamtazami usoni, hakai naye mkeka mmoja. Miaka yote ya ndoa yetu nilizungumza naye nikiitazama miguu yangu mwenyewe.

"Mama," ulisema, "mwalimu amekuja kukupiga picha."

"Kunipiga?" aliuliza. "Mkwe wangu anipige mimi?"

"Si kupiga kwa fimbo, mama."

"Kupiga ni kupiga. Tangu lini mkwe akampiga mkwe?"

Kletus, aliyekuwa anapukuchua mahindi uwanjani, aliangua kicheko. "Shemeji, mahari yenyewe ulimaliza kweli? Umeshaanza kupiga watu!"

Wote mlicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kisarufi mama yako alikuwa na haki. Katika "nitakupiga picha" kuna kiambishi -ku-, nacho kinamfanya yeye awe mpokeaji wa tendo. Nimewafundisha watoto jambo hilo ubaoni miaka mingi, na siku hiyo nilifundishwa uzito wake. Nikasema kwa sauti kutoka nje: "Mama, mimi sitakupiga. Nitaipiga picha yako."

Nilimsikia akisukuma kuni. Halafu akajibu: "Hapo sawa. Ipige hiyo. Lakini mimi usinikaribie."

Alipokubali, akatoa amri zake. Hatatoka nje kusimama juani kama mtu anayeandikishwa kodi. Atakaa pale pale kwenye mafiga yake, alipowalea watoto wake. Na uso uonekane vizuri. "Miguu yangu mnaijua," alisema. "Imewafuata kila mahali."

Njiani kurudi mjini, juu ya magunia ya lori, tulilitazama jambo lilivyo. Jicho la kawaida huona kama mtu aonavyo. Ili uso ujae kwenye picha, ilinibidi nisogee mpaka karibu kumgusa mama yako, na hilo halikuwezekana. Nikibaki kizingitini, angeonekana mdogo kama kuku anayeatamia kwenye kona yenye giza. Tulihitaji jicho refu, lile linalovuta kitu cha mbali, na taa ya kumulika ndani. Nilikuambia kwamba akiba yetu ingetosha taa ndogo na jicho moja, tena lililotumika. Tukikosea hapo, itatubidi tungoje mavuno mengine. Ulijibu: "Basi tusikosee."

Duka lile la Mbeya bado naliona. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, na alitupokea kwa heshima: shikamoo mzee, shikamoo mama. Nilipomweleza tunachotaka, alileta jicho jipya linalong'aa, akalivuta na kulirudisha mbele yetu kama mpiga kinanda cha kanisani.

"Hii zumu, mzee. Karibu, mbali, katikati. Lenzi tatu ndani ya moja. Wewe wa kusafiri na familia, hii ndiyo yako."

Ilikuwa rahisi kukubali. Nami nilikuwa karibu kukubali, nakiri. Lakini nilikuwa nimekisoma kile kitabu mpaka jalada limelegea, nikakukumbusha kwamba jicho la kuvuta na kurudisha la bei ile lina tundu dogo, na tundu dogo linataka mwanga mwingi, nasi tulikuwa tunakwenda kwenye nyumba isiyo na dirisha. Uligeuka ukamwambia kijana: "Tuonyeshe yale ya zamani uliyoyaficha chini."

Alikuwa nayo, ndani ya boksi la biskuti. Ulichukua la kwanza, ukalielekeza dirishani, ukachungulia kama unavyochungulia tundu la sindano. "Hili lina utando ndani," ulisema. Ilikuwa kuvu, ugonjwa wa vioo vilivyokaa kwenye unyevu. Haufutiki kwa kitambaa, na hula kioo polepole. La pili lilikuwa refu, zito, la umbali mmoja tu, na tundu lake lilikuwa pana. Rangi ya ganda lake ilikuwa imechubuka vibaya.

"Hilo limechoka, mama," kijana alisema.

"Hatupigi picha kwa ganda," ulimjibu.

Nililipachika kwenye shingo ya kamera yetu, nikalizungusha mpaka likasema "ta!" na kutulia. Si kila jicho linaingia kwenye kila shingo, na wengi hununua kwanza wakajaribu baadaye. Nawaambia vijana wa mtaani kwetu kila wanaponiuliza: nenda na kamera yako dukani, lichungulie jicho kwenye mwanga, fungua na kufunga tundu lake uone kama halisiti, na ganda mwachie muuzaji alisikitikie.

Ilibaki taa. Kijana aliuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Sumbawanga, alipiga meza kwa furaha.

"Aisee! Watu wa Sumbawanga mnakuja kununua radi dukani? Si huwa mnatengeneza wenyewe?"

Mzaha huo wa uchawi tumeupata katika kila mji tuliofika, nami huwa nanyamaza. Wewe hukunyamaza. "Za kwetu zipo nyingi," ulisema, "lakini hazina waya. Tupe yenye waya."

Hapo hata wateja wengine walicheka. Mwenzangu, jibu lile lilikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na uamuzi wetu wote. Tulichukua taa ndogo yenye kichwa kinachopinda na tundu la kuchomeka waya, ili iweze kuwaka ikiwa mbali na kamera. Kubwa zaidi ilikuwapo, lakini ilikuwa ya kukaa juu ya kamera tu. Toka siku hiyo tuliita taa yetu "radi", nami, niliyekuwa nasahihisha maneno ya kila mtu, sikuisahihisha hiyo.

Safari ya kwanza ilishindwa. Kitabu kiliagiza taa ielekezwe darini, ili mwanga urudi chini ukiwa mpole, nami nikafuata kitabu. Dari! Aliyekiandika alikuwa na dari nyeupe. Juu ya mama yako kulikuwa na paa la nyasi, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umelipaka masizi meusi yanayometa kama lami. Paa lile lilimeza mwanga wote. Mkanda uliposafishwa, kilichoonekana ni kaa moja la moto, na kando yake weusi mtupu. Kijana wa studio aliniuliza kwa adabu kama nilikuwa nimesahau kufungua kifuniko.

Nilitaka kukata tamaa kwa namna ya walimu, yaani kwa kueleza sababu. Ulinikatiza. "Aliyetukatalia ni paa," ulisema. "Mama amekubali."

Masika yale Kletus alituma habari kwa dereva wa lori kwamba mama hali wala haamki, anakohoa tu. Barabara ilikuwa matope. Ulikwenda hivyo hivyo, sehemu kwa gari, sehemu kwa miguu, ukamuuguza mpaka akakaa kitako. Uliporudi, viatu mkononi, hukunisalimu. Ulisema: "Kiangazi kikiingia tu. Mama hana kiangazi kingine."

Kitabu kilitaja njia nyingine: mwanga urushwe kwenye ubao mweupe ulio karibu na uso wa mtu. Nilikusomea, nikabaki nimeduwaa. Maisha yangu yote nimeujua ubao mweusi. Mweupe ningeupata wapi, na ningeupakiaje kwenye lori? Wewe ulikuwa unapepeta ulezi uani. Uliutazama ungo mikononi mwako, ukaugeuza, ukautazama tena.

"Ungo upo," ulisema.

Siku hiyo hiyo ukaushonea kitambaa kilichobaki kwenye magauni ya komunio ya kwanza, umekivuta mpaka hakina kunyanzi hata moja. Ukauweka dirishani, na ukuta wa pili wa chumba ukapata mwanga. Tulitazamana. Sikumbuki kama kuna siku nyingine tulitazamana hivyo, isipokuwa ile ya kanisani.

Ulisafiri nao mapajani, umeufunga kwenye khanga kama mtoto. Kletus alitupokea njiani, akaifunua ile khanga, akarudi nyuma.

"Dada! Mlikuja na radi kutoka Sumbawanga, nikanyamaza. Leo mmeongeza ungo? Mnatua wapi?"

"Tunatua kwako," ulimwambia, "kwa hiyo nenda ukafagie uwanja."

Sauti ya mama yako ikatoka ndani, nyembamba lakini kali: "Kletus, waache wenzio. Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Wao wameutupa, wewe ndiye unayeuokota."

Ulikaa karibu naye, maana binti hapimiwi umbali. Mkono mmoja ulishika ungo, mwingine ulishika radi, umeielekeza kwenye kitambaa. Waya ulitambaa sakafuni, ukapita kando ya mafiga, ukanifikia mimi kizingitini. Mwanga ulikuwa kwako, karibu; jicho lilikuwa kwangu, mbali. Heshima ilikaa katikati yetu na haikusogezwa hata kidogo.

Nikaliinua jicho refu, nikalizungusha polepole, na uso wa mama yako ukaja.

Hili sikukuambia wakati huo, kwa sababu sikuwa na maneno yake sahihi, nami sipendi kusema jambo kwa maneno yasiyo sahihi. Sikuwa nimewahi kuutazama uso ule. Nilijua sauti, kikohozi, vidole vinavyosukuma kuni. Sasa niliona kovu dogo juu ya nyusi, na mashavu yaliyoingia ndani kwa ugonjwa, na juu yake macho yako. Yale yale, hata namna ya kumpima mtu. Niliendelea kutazama.

"Mkwe," aliita, "umemaliza kunitazama?"

"Sikutazami, Mama. Naitazama picha."

"Basi itazame vizuri. Nimejiandaa."

Nikaipiga.

Ulipompelekea ile picha aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Alikaa nayo muda mrefu. Halafu akakuuliza: "Huyu ni mama yangu. Mmempata wapi?" Ulimweleza kwamba ni yeye mwenyewe. Hakukubali mara moja. Akapitisha kidole kwenye lile kovu la kwenye karatasi, kisha kwenye lake, ndipo akasema: "Kumbe nimefika umri wake." Kabla ya mavuno mengine alikuwa ametutoka. Picha ile ilitangulia jeneza mpaka makaburini, na baada ya matanga hakuna mjukuu aliyebishana na mwenzake.

Baada ya hapo hatukukaa. Kila likizo tulifunga ungo kwenye khanga. Tulikwenda Kaengesa kwa shangazi yako, ambaye alitaka apigwe na rozari, miwani na redio yake. Tulishuka Kaoze kwenye joto la bonde kwa mdogo wangu, na jirani yake Msukuma akaleta familia yake yote na dume la ng'ombe. "Naye aingie," alisema, "huyu ndiye aliyenilipia ndoa." Kundi kubwa nililipiga nje kwa jicho la kawaida, ng'ombe akiwa mbele. Uso mmoja mmoja nilitumia jicho refu, hata kwa watu ambao heshima hainizuii kuwakaribia, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwamba mtu asiyesongwa na kamera hubaki na uso wake.

Na kila mahali, kabla mkanda haujaisha, nilikuambia: "Mama Skola, sasa njoo ukae wewe."

Nawe ulinijibu, umekwisha kumwita anayefuata: "Nani atashika ungo?"

Mwaka jana ulipotuacha, Skola alipekua albamu zote, akitafuta picha ya kutangulia jeneza lako. Alipekua mara ya pili. "Baba," alisema, "mama hayumo." Tulitumia ile ndogo ya kitambulisho, uliyopigwa na mtu mwingine, umekunja uso kwa jua. Hukuipenda ulipokuwa hai, nami sikuipenda siku ile. Nililala nikiwa nimeuficha uso wangu kwa watu.

Juzi, Skola alipokuwa anazifuta albamu vumbi huku akitaka kuniaminisha kwamba mambo ya zamani yamekwisha, niliichukua picha ya mama yako nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia, kile ninachosomea kamusi. Sikuwa natafuta kitu. Katika kila jicho lake kuna duara dogo jeupe, mfano wa mwezi. Ni ungo. Na chini ya duara, mahali ambapo mwanga umezuiwa, kuna doa jeusi lenye mabega, limeinua mkono.

Nikachukua ya shangazi yako. Nikachukua ya mdogo wangu, ya Kletus, za watoto wake. Ndani ya kila jicho umeinua mkono.

Nilimwita Skola nikampa kioo. Alitazama, akabadilisha picha, akatazama tena. Kamera yake ya sabuni ilikuwa mezani. Aliisogeza pembeni bila kuitazama. Ndipo alipouliza, kwa sauti yako kabisa: "Sasa Baba, huko Mwazye, nani atashika ungo?"

"Wewe," nilimwambia.

Ameutoa juu ya kabati. Panya wametafuna kitambaa upande mmoja, naye amekaa kwenye cherehani yako anakishonea kipya. Kunyanzi mbili hazijatoka. Nimemwambia akifumue aanze tena.

Nitasimama kizingitini palepale, ingawa siku hizi mafiga yale ni ya mke wa Kletus na hakuna tena mkwe wa kumwogopa. Skola atakaa ulipokaa. Watapita wote, wakubwa kwa wadogo, hata wale wanaosema hawana muda, na hakuna atakayeondoka kabla sijaipiga picha yake. Wa mwisho atakuwa Skola mwenyewe. Akiniuliza ungo atashika nani, Kletus nimeshamwandikia. Amejibu kwamba atashika, mradi asiambiwe aruke.

Pumzika, Mama Skola. Mkono ulioinua miaka yote ile unaweza kuushusha sasa.

Mimi mumeo,
Baba Skola